MAJINA YA UDONGO ULIOACHWA NA BARAFU

Muhula uliopita nilipata nafasi ya kwenda na wanafunzi wa Kidato cha Tatu hadi bonde la Teleki, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Safari yenyewe sitaisimulia hapa, maana wanafunzi wataisimulia vizuri kuliko mimi. Nia yangu ni kueleza swali moja nililoulizwa huko, nami nikashindwa kulijibu.

Tulikuwa tumesimama penye ukingo wa kijito, mahali ambapo maji yamekata ardhi wima kama kisu kikatavyo boga. Ndani ya ukingo ule tuliona udongo wa mfinyanzi, mchanga, kokoto, mawe ya kadiri ya kichwa cha mtu, na majabali makubwa kuliko ng'ombe. Vyote vimechanganyika pamoja bila tabaka wala mpango. Nikanyosha fimbo yangu nikasema, "Hii ni moreni ya Zama za Barafu za mwisho." Wanafunzi wote wakaandika, isipokuwa mmoja. Yeye aliuliza, "Mwalimu, umejuaje? Kwetu mvua kubwa iliponyesha kilima kiliporomoka, kikaacha udongo na mawe yaliyochanganyika vivi hivi, na hapakuwa na barafu hata chembe."

Nilinyamaza. Kwa sentensi moja nilikuwa nimesema mambo matatu: kwamba udongo ule uliletwa na barafu, kwamba umbo lake ni tuta lililojengwa na barafu, na kwamba umri wake ni wa zama fulani. Lakini macho yangu yalikuwa yameona jambo moja tu, yaani mchanganyiko. Yale mengine niliyachukua kitabuni na kuyabandika pale. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jinsi ya kulijibu swali hilo kwa utaratibu, na haya ndiyo niliyoyapata.

BARAFU NI MCHUKUZI ASIYECHAGUA

Kwanza tukumbuke kazi ya barafu. Theluji inapoanguka juu ya mlima mrefu mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, ile ya chini hushindiliwa na ile ya juu hata ikawa barafu ngumu. Barafu hiyo ikiwa nene, uzito wake wenyewe huifanya iteremke bondeni polepole sana. Hiyo ndiyo tunayoiita mto wa barafu. Inapopita hung'oa miamba, huisaga, na kuibeba pamoja nayo.

Sasa tulinganishe wachukuzi watatu. Upepo hubeba vumbi na mchanga tu, mawe hayawezi. Maji ya mto hubeba zaidi, lakini nayo huchagua: mahali yanapopungua nguvu hutua mawe kwanza, kisha kokoto, kisha mchanga, na mwisho kabisa, mahali palipotulia, hutua tope. Kwa hiyo mashapo ya mto huwa na tabaka, na kila tabaka lina vitu vya kadiri moja. Barafu haichagui. Jabali la tani mia na unga mwembamba kuliko wa muhogo husafiri pamoja, na barafu inapoyeyuka huviacha pamoja. Ndiyo sababu udongo ulioachwa na barafu huwa mchanganyiko wa kila kadiri.

Zama za Barafu za mwisho zilianza kiasi cha miaka 115,000 iliyopita, zikafika kilele chake kiasi cha miaka 21,000 iliyopita, na zikaisha kiasi cha miaka 11,700 iliyopita. Wakati wa kilele hicho barafu ilifunika karibu Kanada nzima, kaskazini ya Marekani, nchi za Skandinavia na sehemu kubwa ya Uingereza. Huku kwetu barafu haikufunika nchi, bali ilikaa juu ya milima mirefu: Mlima Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori. Hata hivyo ilikuwa kubwa kupita tunavyoweza kufikiri leo. Katika Mlima Kenya mito ya barafu iliteremka hadi karibu mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo leo ni karibu na ukingo wa juu wa msitu, wakati vipande vidogo vya barafu vilivyosalia viko juu ya mita 4,500.

Mtu wa kwanza wa sayansi kuliona jambo hilo na kuliandika alikuwa John Walter Gregory, aliyefika mlimani humo mwaka 1893. Aliona udongo na mawe ya barafu mbali sana chini ya barafu yenyewe, akatambua kwamba zamani barafu ilikuwa imefika huko.

MASWALI MANNE

Nimeona kwamba udongo wa namna hii una majina mengi kwa sababu kila jina hujibu swali lake. Maswali ni manne, na yafaa yaulizwe kwa zamu: Kitu hiki ni nini? Kilikujaje? Kina umbo gani? Ni cha mahali gani na cha lini? Mtu akijibu la nne kabla ya la kwanza, amejenga paa kabla ya kuta.

Swali la kwanza: Kitu hiki ni nini? Hapa twatakiwa kusema lile tu tunaloliona. Mchanganyiko wa udongo, mchanga na mawe ya kila kadiri, usiopangwa, huitwa diamikto. Neno hili halisemi kitu kuhusu barafu. Maporomoko ya mlima huacha diamikto. Mafuriko ya tope la volkano huacha diamikto. Barafu nayo huacha diamikto. Jina hili lilitokana na kazi ya Wamarekani watatu, Flint, Sanders na Rodgers, mwaka 1960. Wao walikuwa wakitaka jina la mwamba wa aina hiyo. Kwanza walitoa neno jingine, kisha wakagundua kwamba neno hilo lilikwisha kutumiwa na wengine kwa maana tofauti. Basi mwaka ule ule wakaliondoa wakatoa hili. Nawasifu kwa hilo. Si wengi wanaokubali kubadili neno lao wenyewe mbele ya watu.

Swali la pili: Kilikujaje? Tukiwa na ushahidi kwamba diamikto yetu iliachwa na barafu yenyewe, na si na maji wala maporomoko, ndipo tunapoweza kuiita tili. Neno hili asili yake si chuo kikuu. Ni neno la wakulima wa Uskoti, waliolitumia kwa udongo mgumu wenye mawe uliowavunjia majembe. Wanasayansi walilichukua kwao katika karne ya kumi na tisa.

Tili nayo ina aina zake, kwa kadiri ya namna ilivyoachwa. Kuna tili iliyobandikwa chini ya barafu inayotembea, kama fundi apakavyo udongo ukutani. Hiyo huwa imeshikana sana, na mawe yake marefu mara nyingi yameelekea kule barafu ilikokuwa ikienda. Kuna tili iliyoshushwa polepole barafu iliyosimama ilipoyeyuka. Kuna tili iliyoteleza kama tope kutoka mgongoni mwa barafu. Na kuna udongo wa zamani uliokandwa na kuburutwa na barafu iliyopita juu yake. Kwa miaka mingi kamati ya kimataifa ya wataalamu ilishughulika kuzipambanua aina hizi, na matokeo yake yakachapwa mwaka 1989. Lakini watu walipokwenda mashambani na majembe yao waliona kwamba aina zile zinazotokea chini ya barafu mara nyingi huingiliana, hata haiwezekani kusema hapa inaishia hii na hapa inaanza ile. Kwa hiyo mwaka 2006 Evans na wenzake walishauri kadhaa zijumlishwe chini ya jina moja. Wanafunzi wasidhani huko ni kurudi nyuma. Ni afadhali jina moja pana tunaloweza kulithibitisha kuliko majina matatu membamba tunayoyabahatisha.

Swali la tatu: Kina umbo gani? Hapa ndipo linapoingia neno moreni, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Moreni ni umbo la nchi, yaani tuta au mkusanyiko uliojengwa na barafu. Neno hili lilitoka kwa watu wa milima ya Alps wasemao Kifaransa, na mtaalamu wa Uswisi aitwaye Saussure alilieneza katika vitabu vyake katika karne ya kumi na nane. Moreni za ubavuni hukaa kando za bonde kama kingo za mfereji. Moreni ya mwisho hukaa kama upinde mahali barafu ilipokomea. Tuta la moreni aghalabu lina tili ndani yake, lakini laweza pia kuwa na mchanga na kokoto zilizooshwa na maji ya barafu. Na tili yaweza kutandazwa chini kama mkeka, bila kufanya tuta lo lote. Kwa hiyo tili na moreni si majina mawili ya kitu kimoja. Tili ni kitu, moreni ni umbo; kama vile udongo si chungu, na chungu chaweza kuwa cha shaba.

Swali la nne: Ni cha mahali gani, na cha lini? Desturi nzuri ya wataalamu ni kuipa tili jina la mahali inapoonekana vizuri kuliko pengine, ili mtu mwingine aweze kwenda pale pale akaipime mwenyewe. Huko Illinois, Marekani, kuna tili iitwayo Tiskilwa, kwa jina la kijiji. Willman na Frye waliiweka katika orodha yao mwaka 1970 pamoja na nyingine nyingi za Zama za Barafu za mwisho, na kila moja walieleza rangi yake, kadiri ya mfinyanzi na mchanga wake, na tili gani iko juu yake na gani chini yake. Ona kwamba maelezo hayo yote ni ya mambo yanayoonekana na kupimika. Umri ni hesabu nyingine, na jina la Tiskilwa halibadiliki hata kama hesabu ya umri wake itabadilika.

MAJINA YA MILIMA YETU

Katika Mlima Kenya, Baker alichora ramani yake iliyotolewa mwaka 1967, akazitaja hatua za barafu kwa nambari. Baadaye Mahaney, aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970, alizipa tili majina ya mahali. Tili ya Zama za Barafu za mwisho aliiita Liki, kwa jina la mto utokao mlimani kuelekea Nanyuki. Tili iliyoitangulia aliiita Teleki, na nyingine za kale zaidi zina majina kama Naro Moru.

Hapa mwanafunzi ajihadhari. Tili ya Teleki si kila tili iliyomo katika bonde la Teleki! Ukipanda bonde hilo, sehemu za juu utatembea juu ya tili ya Liki, kwa sababu barafu ya zama za mwisho ilipita humo humo. Jina la mahali humaanisha kwamba kielelezo chake kimewekwa hapo, si kwamba kila kilichopo hapo ni chake. Mtu aitwaye Mchina si lazima akutwe Uchina.

Je, Liki na Teleki zilipambanuliwaje? Kwa ishara ambazo hata mwanafunzi aweza kuzipima. Ukivunja jiwe lililokaa muda mrefu juu ya ardhi utaona ganda lililobadilika rangi kwa kuliwa na hewa na maji. Ganda likiwa nene zaidi, kwa kawaida jiwe limekaa zaidi. Udongo juu ya tili ya kale ni mrefu na mwekundu zaidi. Juu ya tili changa ni mfupi. Matuta ya kale yamelika na kuwa mviringo; matuta machanga yangali na mgongo mkali. Na tili changa, mahali zinapokutana, hukaa juu ya ile ya kale au ndani yake kuelekea kileleni.

Katika Kilimanjaro, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield walifika mwaka 1953 na 1957, na Downie, mmoja wao, alitoa maelezo yake mwaka 1964. Yeye alihesabu: barafu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne iliyo kuu. Hiyo ya nne ndiyo ya zama za mwisho. Kuhesabu ni rahisi kukumbuka, walakini kuna hatari yake. Ikionekana moja iliyofichwa kati ya ya pili na ya tatu, tutaiitaje?

Katika Rwenzori, Osmaston alitumia majina ya mahali, na hatua ya zama za mwisho aliiita ya Ziwa Mahoma, kwa jina la ziwa dogo lililozungukwa na moreni kubwa. Ziwa hili lilisaidia sana kupata umri. Livingstone, Mmarekani, alitoboa matope ya ziwa hilo hadi chini kabisa, na mwaka 1962 alitangaza kwamba matope ya chini, kwa hesabu ya kaboni, yana umri wa kiasi cha miaka 14,700. Basi barafu ilikuwa imekwisha kuondoka hapo kabla ya wakati huo. Ona jinsi alivyosema: hakusema moreni ina umri huo, bali kwamba haiwezi kuwa changa kuliko huo.

Siku hizi kuna njia ya kupima jiwe lenyewe la moreni. Miali itokayo anga za mbali hulipiga jiwe tangu siku lilipoachwa wazi na barafu, na ndani yake hufanyika chembe za namna ya pekee, kidogo kidogo. Wataalamu wakizihesabu hukadiria miaka. Shanahan na Zreda walifanya hivyo katika Mlima Kenya na Kilimanjaro, wakatangaza mwaka 2000. Kundi moja la moreni za Liki lilipata kiasi cha miaka 28,000, na barafu kuu ya Kilimanjaro kiasi cha miaka 20,000. Laiti tili hizo zingalipewa tangu mwanzo jina la umri peke yake, kila kipimo kipya kingalilazimu kubadilisha majina. Kwa kuwa zina majina ya mahali, zilingoja hesabu bila kutikisika.

MAKOSA YALIYOTUFUNZA

Si mimi peke yangu niliyesema zaidi ya nilichoona. Katika karne ya kumi na tisa watu wengi wa Uingereza waliamini kwamba mchanganyiko huu ulielea na vipande vya barafu baharini wakati nchi ilipofunikwa na maji. Wakauita kwa neno lao lenye maana ya kitu kilichochukuliwa na mkondo. Mwaka 1840 Louis Agassiz, Mswisi, alitoa kitabu chake juu ya mito ya barafu, akashikilia kwamba barafu yenyewe ndiyo iliyofunika nchi kavu. Baada ya ubishi mrefu hoja yake ilishinda, lakini lile neno la wazo lililokufa liliendelea kuandikwa katika ramani kwa zaidi ya miaka mia. Wazo hufa upesi kuliko jina lake.

Kosa la pili lilitokea Marekani. Chamberlin na wenzake, tangu miaka ya 1890, waliziita zama za barafu kwa majina ya majimbo, na mwishowe zikawa nne kubwa: Nebraska, Kansas, Illinois na Wisconsin, hii ya mwisho ikiwa ndiyo Zama za Barafu za mwisho. Kila tili ya chini iliyoonekana iliitwa Nebraska, na iliyo juu yake ikaitwa Kansas. Mwaka 1978 Boellstorff, kwa kupima majivu ya volkano yaliyokaa kati ya tili hizo, alionyesha kwamba tili za kale zilikuwa nyingi zaidi ya mbili, na kwamba majina yale mawili yalikuwa yametumiwa kwa tili za umri mbalimbali. Hayo mawili yakaachwa. Leo tili hizo zote husemwa tu kwamba ni za kabla ya Illinois.

Kosa la tatu latuhusu sisi, na mimi hasa. Huko Ulaya, Penck na Brückner walimaliza mwaka 1909 kitabu chao kilichotaja zama nne za barafu katika milima ya Alps. Wataalamu wa huku kwetu, kama Wayland katika Uganda na Leakey katika Kenya, walipoona mashapo ya maziwa makubwa ya zamani, walitaja zama za mvua nyingi. Nazo zikafika nne, Kagera, Kamasia, Kanjera na Gamble, kila moja ikilinganishwa na zama ya barafu ya Ulaya. Mwaka 1959 Flint, yule yule wa mwaka 1960, alichunguza ushahidi huo akaona hautoshi. Katika Bonde la Ufa ardhi imepasuka na kushuka. Ziwa laweza kujaa au kuhama kwa sababu hiyo, pasipo mvua kuzidi. Na vipimo vya baadaye vilionyesha jambo la ajabu zaidi. Wakati barafu ilipokuwa kubwa, maziwa yetu mengi yalikuwa madogo. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka, likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Na maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa makubwa kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, barafu ilipokwisha kurudi nyuma.

Sasa niseme la kwangu. Zile zama nne za mvua nilizikuta katika daftari nililoachiwa na mwalimu wangu, nami nikazifundisha kwa miaka kadhaa pamoja na zama za barafu, bega kwa bega, kwa sababu zilipangika vizuri ubaoni. Vijana waliosoma kwangu wakati huo walizikariri, na wengine wao ni wazazi wanaosoma gazeti hili. Nawaomba wazifute. Nilikuwa sijui kwamba zilikwisha kuachwa kabla sijashika chaki.

FAIDA YAKE

Mzazi aweza kuuliza, mtoto wangu atafaidika nini kwa kujua kwamba udongo huu ni tili na ule si tili? Nitajibu kwa mfano mmoja. Diamikto mbili zaweza kufanana machoni. Moja ni tili iliyoshindiliwa na barafu nene, imekaa mahali pake miaka elfu ishirini. Nyingine ni maporomoko ya mlima. Mlima ulioporomoka jana waweza kuporomoka kesho. Mtu anayetaka kujenga nyumba, daraja au shule juu yake anahitaji kujua ni ipi. Akija kwako ukamwambia "moreni" kwa kuwa neno hilo lilikuja mdomoni kwanza, umemdanganya, ingawa hukukusudia.

JIBU LA SWALI

Basi sasa namjibu mwanafunzi wangu, ambaye alistahili jibu siku ile ile. Ukingo ule tuuite kwanza diamikto. Halafu tutafute. Je, mawe yake yana nyuso zilizosagwa bapa na mikwaruzo iliyolala sambamba? Je, miamba iliyo chini yake au kando ya bonde imekwaruzwa vivyo hivyo? Je, bonde lina umbo la karai, pana chini na lenye kuta za wima, au ni jembamba chini kama yalivyo mabonde ya mito? Je, kuna matuta marefu pande zote mbili za bonde yanayofuata mkondo wa barafu? Je, mawe ni ya miamba gani? Kilele cha Batian kimejengwa kwa mwamba uitwao sayanaiti. Jabali la sayanaiti lililokaa mbali bondeni limetoka huko juu. Ishara moja haitoshi, maana tope la volkano nalo laweza kubeba jabali mbali. Lakini zikikutana nyingi, twaweza kuandika "tili" kwa moyo mkunjufu.

Tulirudi mahali pale siku ya pili. Tulichimbua mawe hamsini kwa hesabu. Kumi na moja yalikuwa na nyuso bapa, na sita kati ya hayo yalikuwa na mikwaruzo iliyoonekana bila kioo. Matuta ya kando yalikuwa wazi mbele yetu, na migongo yao ilikuwa mikali. Yule mwanafunzi akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, sasa nitaandika." Akaandika: "Diamikto. Yaelekea ni tili. Imo ndani ya moreni ya ubavuni. Kwa umbo la tuta, yafanana na Liki. Umri haukupimwa na sisi." Sijapata kusahihisha kazi iliyo nzuri kuliko hiyo.

Jambo la mwisho. Mto wa barafu uliokuwa mkubwa kuliko yote katika Mlima Kenya unaitwa Lewis. Gregory aliupa jina hilo kwa heshima ya Henry Carvill Lewis, Mmarekani aliyefuata ukingo wa moreni ya mwisho katika Pennsylvania mwaka 1881, akaeleza mahali barafu ya Marekani ilipokomea. Alifariki mwaka 1888 akiwa kijana. Leo barafu yenye jina lake imepungua hata imebaki kidogo sana, na mahali ilipoondoka imeacha moreni mpya, yenye mawe ambayo bado hayajaota kuvu wala nyasi. Huenda wanafunzi watakaosoma gazeti hili miaka mingi ijayo wasiikute barafu yenyewe. Watakuta udongo na mawe tu, na majina tuliyoyaacha. Basi tuyaache yaliyo ya kweli.

ZOEZI

1. Tafuta ukingo wa mto au wa barabara iliyochimbwa karibu na kwenu. Eleza unachokiona kwa sentensi tano bila kusema kililetwa na nini.
2. Chukua mawe ishirini kutoka hapo. Pima urefu wa kila moja na uandike kama limeviringika, lina pembe au lina uso bapa.
3. Taja njia mbili ambazo zingeweza kuleta udongo huo pale. Ni ishara gani ungetafuta ili kuikataa moja?
4. Eleza tofauti ya tili na moreni kwa mfano wako mwenyewe, usio wa udongo na chungu.